Kidonda Kisichonuka

Sisimizi ndio waliomwonyesha Amoni kile kitambaa. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja mweusi kutoka kwenye shimo lao, wakapanda jiwe la kufulia, wakashuka upande wa pili na kuingia kwenye majani ya kando ya kijito, na humo walikuwa wamesongamana kama watu kwenye gulio.

Amoni Sikanyika, askari kanzu wa kituo cha Tunduma, alikuwa akitafuta maiti kwenye kijito kile tangu kulipopambazuka. Aliyafunua majani kwa ncha ya fimbo. Hapakuwa na maiti. Palikuwa na kipande cha kaniki kilichochanwa kirefu kama mkanda, kikavu, bila shaka kimedondoka kutoka kwenye kapu la mtu aliyekuja kufua.

Alikiokota, akakung'uta sisimizi, akakigeuza. Damu. Lakini katikati ya damu kulikuwa na kitu kingine, cha rangi ya kahawia, kinachonata kwenye kidole. Amoni alikipeleka puani huku amejikaza kama mtu anayetegemea uvundo.

Hakikunuka. Kilinukia asali.

Alisimama pale na viatu ndani ya maji, akakinusa tena.

Wiki iliyopita Asajile Mwashambwa, mrina asali anayejulikana kijiji kizima cha Nanyala, alikwenda kwenye mizinga yake asirudi. Chini ya mti wenye mizinga ilikutwa damu nyingi, na alama za kitu kilichoburutwa hadi kijitoni. Siku hiyohiyo shemeji yake, Ezron, alikutwa njiani na shati lenye damu. Jumapili moja kabla ya hapo watu wote walikuwa wamewasikia wawili hao wakigombana nje ya kanisa, kwa sababu Ezron alichoma shamba na moto ukala baadhi ya mizinga ya Asajile. Ezron aliapa kwamba aliikuta damu ile, akaishika alipokuwa akimtafuta shemeji yake. Nani angemwamini? Adhuhuri ya leo lori la serikali lingempeleka Mbeya kujibu shtaka la kuua, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa amempa Amoni kazi moja tu: tafuta mwili.

"Maiti hafungwi kidonda," Amoni alisema kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa akichota maji ng'ambo akageuka kumtazama. "Wala hapakwi asali!"

Akatoka mbio.

Zahanati ya misheni ilikuwa juu ya kilima, nyumba ndefu ya matofali yenye baraza. Msimamizi wake alikuwa dresa Osea, mfunga vidonda mnene mwenye miwani, aliyejifunza kazi yake jeshini na kuifanya Burma wakati wa vita. Barazani kulikuwa na mtu akishusha debe kutoka kwenye baiskeli. Amoni alimpita bila hata kumsalimu.

"Dresa, nambie hiki ni kitu gani."

Osea alikipeleka kitambaa dirishani. Alikinusa, akavuta nyuzi kwa kibano, akanusa tena.

"Hii ni bandeji."

"Ya lini?"

"Jana. Ingekuwa ya siku nyingi isingenata hivi. Na angalia hapa, imetoka kwenye nyama bila kuibandua. Kitambaa kikavu hung'oa kigaga, mgonjwa akapiga kelele, kidonda kikaanza upya. Asali inakilainisha, kitambaa kinatoka chenyewe." Osea alianza kuchangamka. "Unajua inavyofanya kazi, Bwana Amoni? Asali nzito ina kiu. Inafyonza maji kwenye uchafu wa kidonda, na vijidudu bila maji havizaliani. Kule Burma dawa zilipotuishia tuliomba asali kwa wenyeji, tukaokoa miguu ya watu ambayo daktari alishaipangia msumeno."

"Mtu huyu anakufa au anapona?"

"Kidonda hakinuki, usaha hakuna. Anapona!"

"Yu hai!" Amoni alipiga meza kwa kiganja mpaka chupa zikagongana. "Asajile yu hai, dresa! Kuna mtu anamfunga kidonda kwa asali!"

"Nani yu hai, afande?"

Yule mtu wa debe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa Osward, mchuuzi wa asali na nta, mtu wa makamo, nadhifu, kofia mkononi. Amoni alimtazama, na kwa furaha aliyokuwa nayo akasema neno ambalo baadaye alitamani angelimeza.

"Asajile."

"Mungu mkubwa!" Osward aliivaa kofia. "Basi ngoja nikawape habari waliaji kule msibani."

Akaondoka. Osea aliendelea kukitazama kitambaa kwenye mwanga, na polepole uso wake ukakunjamana.

"Kitu kimoja kinaniudhi," alisema. "Huyu mtu aliyefichwa porini anapona kwa asali, wagonjwa wangu humu ndani wanaoza kwa asali. Njoo unuse."

Hapakuwa na haja ya kukaribia. Wodini kulikuwa na wanaume wenye vidonda vya miguu, na harufu iliwapokea mlangoni.

"Asali yako unaipata wapi?"

"Kwa Osward. Zamani Asajile alileta mwenyewe. Tangu mavuno yaliyopita Osward ananunua kwake na kutuletea."

Amoni alirudi barazani, akafungua debe lililokuwa limeachwa hapo. Juu ya asali kulikuwa na povu jembamba kama la pombe changa. Alichovya kidole. Utamu ulikuja upesi ukaondoka upesi, ukaacha ladha ya miwa iliyoungua.

"Onja."

Osea alionja, akatema. "Sukari guru. Sukari guru na maji! Ndiyo maana inachacha. Asali safi haichachi hivi, haina maji ya kuchachia. Mimi nawapaka wagonjwa sharubati!"

"Asajile aliwahi kuiona asali hii?"

Osea alifuta kidole kwenye shati. "Alikuja kuleta mtoto wa jirani. Akaona chungu mezani, akachovya. Akasema, hii si asali yangu. Akatoka hana raha kabisa, akaniambia anakwenda kumwuliza mwenyewe."

"Lini hiyo?"

"Siku moja kabla hajapotea."

"Dresa, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mlikuja mkasema muuaji keshakamatwa."

Amoni alitazama vumbi la uani. Alama za matairi ya baiskeli zilitoka pale barazani, zikafika njia panda. Kushoto kulikuwa na msiba wa Asajile. Zilikata kulia, zikashika njia ya juu.

"Chukua mkoba wako unifuate," alimwambia Osea. "Hakwenda kwa waliaji yule."

Lakini kulia kulikuwa na vijumba vingi vilivyotawanyika kwenye migomba na kahawa hadi juu mlimani, na Amoni hakujua aanzie kipi. Osward alijua. Amejuaje? Mtu pekee wa kumsaidia alikuwa pale msibani, hatua chache tu kushoto. Alikimbilia huko.

Leah, mke wa Ezron na dada yake Asajile, alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, nguo imefungwa kiunoni, macho yamevimba. Alimlilia kaka aliyeuawa, na mumewe ndiye aliyeitwa muuaji. Wanawake walinyamaza Amoni alipopiga goti mbele yake.

"Pole, dada. Nitazamie hiki."

"Sitaki kuona damu zaidi, afande."

"Usitazame damu. Tazama pindo."

Kwenye ukingo wa kaniki kulikuwa na mshono wa uzi mwekundu, wenye ncha ncha kama meno ya msumeno. Leah aliugusa.

"Mshono wangu huu."

"Ulimshonea nani?"

"Shangazi. Shangazi Tumpe, mfinyanzi, anakaa kule juu kijito kinakoanzia. Kaniki yake ilikuwa inachanika, nikampindia."

"Shangazi yenu amekuja msibani?"

Wanawake walitazamana. Mmoja akaguna.

"Hajaja," Leah alisema. "Tumemsema sana. Mtoto wa kaka yake afe, yeye abaki na vyungu vyake..." Akakoma. Alikitazama tena kitambaa, safari hii damu na kile kilichonata, akanusa, na Amoni akaona akili yake ikifika palepale alipofika yeye mwenyewe kule kijitoni. "Afande. Afande, usinichezee."

"Sikuchezei. Njia ya mkato iko wapi?"

Leah alikwisha simama. Aliruka mkeka, akapita katikati ya waombolezaji, miguu mitupu, na Amoni akamfuata. Nyuma yao msiba mzima ulisimama ukiuliza kuna nini.

Walikata kwenye mikahawa, matawi yakiwachapa usoni. Walivuka kijito juu ya gogo, Leah kwanza, bila kupunguza mwendo. Walipanda kilima kwa mikono na miguu. Kwenye njia kuu ya juu Amoni aliona alama za baiskeli, mbichi.

"Ametutangulia."

"Nani?"

"Kimbia tu, dada!"

Nyumba ya Tumpe ilikuwa peke yake kwenye kibonde, tanuri la vyungu mbele na shamba la ulezi nyuma. Baiskeli ya Osward ilikuwa imeegemezwa kwenye tanuri. Mwenyewe alikuwa mlangoni, na mlango ulikuwa umezibwa na mwanamke mfupi wa makamo, mikono imekauka udongo hadi viwikoni, ameshika mchi wa kutwangia kama mtu anayengoja kuutumia.

"Nimekwambia hapa hakuna mgonjwa," Tumpe alikuwa akisema.

"Mama, usiogope, nimetumwa na dresa." Osward aligeuka, akaona Amoni anakuja anahema, akatabasamu upesi sana. "Afadhali umefika, afande! Mwambie aniamini. Nimekuja kumchukua nimpeleke zahanati. Nitampakia baiskelini, maana kwa paja lile hawezi kutembea."

Amoni alisimama. Alijizuia asimrukie. Alivuta pumzi, akauliza taratibu:

"Paja lipi?"

"Eti?"

"Mimi nina bandeji mfukoni, sijui ilifungwa kichwani au mkononi. Dresa hajui. Mama Tumpe, umemwambia mgonjwa wako ameumia wapi?"

"Nimwambie nini? Sijakubali hata kwamba yupo."

"Basi, Osward. Paja umelijuaje?"

Macho ya Osward yalikimbilia baiskeli. Ndani ya nyumba, kwenye giza, sauti dhaifu ya mwanamume ilisema:

"Analijua kwa sababu panga lilikuwa lake."

Leah alipiga ukelele uliosikika ng'ambo ya bonde.

Osward aliruka kuishika baiskeli. Leah aliiwahi, akaisukuma kwa nguvu zake zote, ikaanguka juu ya vyungu vilivyokuwa vimeanikwa, vikapasuka vyote. Osward akaiacha, akakata kwenye ulezi, akateremka kuelekea kijitoni. Alikuwa na mbio. Amoni alimfuata huku masuke yakimpiga kifuani, akiona kofia tu ikipaa na kushuka mbele yake, ikizidi kuwa mbali. Halafu kofia ikatoweka ghafla.

Alikuwa ameingia kwenye shimo la Tumpe la kuchimbia udongo. Udongo wa mfinyanzi haumwachii mtu upesi. Ulimshika magotini, na kila alipovuta mguu mmoja mwingine ulizama. Amoni alijitupa shimoni juu yake. Walipigana humo bila kuonana nyuso, wakitema matope, mpaka pingu ikalia mara mbili. Walipotoka walikuwa kama vyungu vibichi viwili, na Tumpe, aliyekuwa amefika ukingoni na mchi wake, aliuteremsha kwa masikitiko.

"Mwenzio nilitaka kumpiga moja tu," alisema.

Osea, aliyekuwa akiwafuata kwa mbali, aliwakuta hapo, ameloa jasho, mkoba kifuani. Walimfunga Osward kwenye nguzo ya tanuri, wakaingia ndani.

Asajile alikuwa amelala kwenye majani ya migomba, amekonda, macho makubwa. Leah alikuwa amekishika kichwa chake kwa mikono miwili, anacheka na kulia kwa pamoja, anamwita jina lake la utotoni. Dresa alipiga magoti, akafungua bandeji. Iliteleza ikatoka yenyewe.

Panga lilikuwa limekata nyuma ya paja, kidonda kirefu kama kiganja. Amoni alikuwa ameona vidonda vingi. Hiki kilikuwa chekundu kama ulimi wa mtoto, kingo zake zikianza kukaribiana.

"Tazama!" Osea alisema, karibu apige makofi. "Tazama nyama mpya ile! Mama, umefanya nini zaidi ya asali?"

"Nimechemsha maji, nimechemsha vitambaa, nimeosha mikono," Tumpe alisema. "Na uji. Alipoteza damu nyingi, akawa hawezi kutafuna. Nikamkorogea uji mwembamba wa ulezi na asali, kijiko kijiko."

"Ulifanya vizuri sana. Asali inaingia mwilini upesi, haimchoshi tumbo mtu dhaifu, inampa nguvu saa ileile. Lakini damu haijengwi na asali, damu imejengwa na ulezi huo. Sasa tutaongeza maharage na mboga za majani, na nitamchoma sindano ya pepopunda. Hilo asali hailiwezi." Akaweka mkono kwenye paji la uso la Asajile. "Homa imekwisha!"

Amoni alimvuta Tumpe kando, mgonjwa asisikie. "Mama Tumpe. Mtu amefungwa kwa ajili ya huyu. Mbona ulinyamaza?"

Tumpe hakukwepa macho yake. "Nilimkuta anatambaa kijitoni nilipokwenda kuchimba udongo. Nikambeba, kisha akazimia, akawa anaweweseka tu. Watu wakasema ni Ezron. Na mimi niliamini ni Ezron. Nikasema ndugu za Ezron wakijua huyu yu hai, watakuja kummaliza. Na Leah ni mke wa Ezron, ningemwambiaje?" Alifuta uso kwa mkono wa udongo. "Akili zimemrudia jana jioni. Asubuhi hii ndiyo ameniambia ni Osward. Nilikuwa nafunga mlango nije kwenu, nikamwona huyo yuko uani."

"Alijuaje aje hapa?"

"Asali niliichukua kwake," Tumpe alisema, na sauti ikamshuka. "Nilimwomba ile ya Asajile, iliyokuwa bado kwenye kibuyu haijaguswa. Nikamwambia ni ya kikohozi."

"Kwa hiyo alimkata mwenyewe na dawa akauza mwenyewe," Osea alisema. "Na aliposikia habari ya asali pale kwangu, akakumbuka aliyeichukua."

Asajile alisema kwa tabu, neno moja moja. Alimfuata Osward kumwambia aache kuharibu asali ya wagonjwa. Osward akamwomba wakutane mizingani, wayamalize. Alipoinama kuwasha moshi, panga likamjia kwa nyuma. Alijiburuta hadi kwenye maji, akajificha chini ya ukingo, akamsikia Osward akimtafuta huku na huku.

"Na Ezron?" Amoni aliuliza.

"Ezron kafanya nini?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba shemeji yake amefungwa. Leah alizika uso wake kwenye bega la kaka yake.

Amoni alitoka nje, akatazama jua. Lilikuwa karibu utosini. Wakati huohuo waombolezaji wakaanza kutokea kwenye mikahawa, wanaume kwa wanawake, wote waliokuwa wamewafuata, na hakuwapa nafasi ya kuuliza.

"Kateni miti miwili! Leteni mkeka! Tunataka machela, sasa hivi! Lori la Mbeya linapita barabarani adhuhuri!"

Watu wale waliokuja kulia walimbeba Asajile kilimani kwa vigelegele, wakibadilishana mabega bila kusimama, Osea akikimbia kando na kupiga kelele wasimtikise. Osward alitembea nyuma kati ya wazee wawili, udongo ukimkaukia mwilini. Waliposhuka kwenye barabara kuu, vumbi la lori lilikuwa tayari linaonekana kutokea upande wa Tunduma. Amoni alisimama katikati ya njia, ametapakaa matope mwili mzima, mikono juu. Dereva alifunga breki, akatukana, halafu akamtambua.

Koplo wa msafara alishuka. Nyuma ya lori Ezron alikuwa ameketi sakafuni, mikono imefungwa mbele, macho chini. Hakuinua kichwa hata kwa zile kelele.

"Siwezi kumfungua bila amri, Bwana Amoni," koplo alisema. "Nimekabidhiwa mtuhumiwa wa mauaji."

"Mauaji ya nani?"

"Ya Asajile Mwashambwa."

"Mwenyewe huyo, kwenye machela. Muulize kama ameuawa."

Koplo alimtazama mtu wa machela. Asajile aliinua mkono. Umati ukalipuka kwa kicheko, na koplo, aliyekuwa amejikaza kiaskari, akashindwa naye akacheka, akaanza kupapasa mfuko wa funguo. Safari ya Mbeya ingekuwepo, lakini wa kusafiri alikuwa amebadilika.

Ezron alishuka kama mtu anayetoka usingizini. Leah alikuwa mbele yake, miguu inatoka damu kwa miiba.

"Niliwaamini wao," alimwambia. "Sikukuamini wewe."

Ezron alisugua vifundo vya mikono palipokuwa na pingu. Alitazama miguu ya mkewe iliyotobolewa na miiba.

"Hata mimi," alisema mwishoni, "ningekuwa wewe, na shati lile, ningelia upande wako." Akageuka. "Nani ameshika mbele hapa? Nipishe. Nitambeba mimi."

Aliingiza bega chini ya mti wa machela na kuinuka kwa haraka, haraka mno, mpaka upande mmoja ukapanda juu kuliko mwingine. Asajile akashika mkeka kwa mikono yote miwili.

"Polepole, shemeji," alisema. "Maiti wako anaumia."